Tuhesabu Pumzi: Maradhi ya Mapafu kwa Watoto na kwa Wagonjwa wa Hospitali

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya mkutano wa wazazi na jamaa za wagonjwa. Twayapiga chapa ili wale ambao hawakuwako nao wapate faida.)

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufasiri: maneno ya waganga huletwa mezani pangu, nami huyatia katika Kiswahili ili kila mtu apate kuyasoma. Lakini mtu akifasiri jambo moja mara nyingi, mwishowe hulijua. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo naona latupotea, na sababu mojawapo ya kutupotea ni majina tuliyolipa.

Jambo lenyewe ni maradhi ya mapafu, hasa yale yaitwayo nimonia. Wengine huyaita kichomi, wengine homa ya mapafu. Sina ugomvi na majina hayo, ila yafaa tuyapime. Kichomi ni maumivu yanayochoma ubavuni. Mtu mzima akichomwa ubavuni atasema. Mtoto wa miezi minne atasemaje? Nalo jina la homa ya mapafu humfanya mzazi aweke mkono juu ya paji la uso la mtoto, na akiona si moto sana, arudi kulala. Tena wengi wetu katika nchi hii tukisema "homa" twamaanisha mafua tu, yale ya kupenga kamasi. Basi mtu akiambiwa kwamba mtoto wake ana homa ya mapafu, hudhani ni mafua yaliyozidi kidogo. Kumbe mtoto mchanga, au mtoto aliyedhoofika kwa kukosa chakula, aweza kuwa na nimonia kali na mwili wake usiwe na moto hata kidogo. Pengine huwa baridi. Alama ya kutegemea haimo katika majina hayo mawili. Alama hiyo ni pumzi.

Msidhani nalikuza jambo dogo. Katika mwaka 2019, watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya umri wa miaka 5 walikufa kwa nimonia ulimwenguni. Katika kila vifo 100 vya watoto wa umri huo, 14 vilikuwa vya ugonjwa huu. Hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza uliowaua watoto wengi kiasi hicho. Si malaria, wala si kuhara. Na wengi wao wangalipona kwa dawa iliyo rahisi, kama wangalifikishwa mapema.

UGONJWA HUINGIAJE?

Ili tujue ni nani aliye hatarini, yatupasa kwanza tujue ugonjwa huu huingiaje. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, navyo hujaa hewa tunapovuta pumzi. Kutoka katika vifuko hivyo hewa safi hupenya na kuingia katika damu. Vijidudu vya nimonia vikifika huko, vifuko hujaa maji na usaha, na hewa hukosa nafasi. Ndipo mgonjwa avutapo pumzi mbio mbio, akijaribu kupata kwa haraka kile asichoweza kukipata kwa utulivu.

Vijidudu vingi vya aina hiyo si wageni kwetu. Wengine kati yetu tulioketi hapa tunavyo puani na kooni wakati huu, wala hatuumwi. Mbona hatuumwi? Kwa sababu mwili umewekewa walinzi. Pua huchuja vumbi. Njia za pumzi zimetandwa ute, na humo mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufagia uchafu usiku na mchana na kuupandisha kooni. Kikohozi hutupa nje kile kilichopenya. Na damu ina askari wake, wapiganao na adui aliyefika ndani. Basi ugonjwa huu huwapata zaidi wale ambao walinzi wao hawajakomaa, au wamechoka, au wamefukuzwa. Hao ni watoto wadogo, na wazee, na wagonjwa walalao kitandani.

JE, NI BARIDI?

Watu wengi husema nimonia huletwa na baridi, nami pia nililelewa katika maneno hayo. Ni kweli kwamba mtoto mchanga yapasa awekwe katika joto, na aliyezaliwa kabla ya wakati wake yafaa abebwe kifuani pa mamaye, ngozi kwa ngozi. Lakini baridi peke yake haina vijidudu. Hebu tutazame sisi wenyewe tunafanya nini kwa kuiogopa.

Ifikapo miezi ya Juni na Julai, huko kwetu katika nchi za juu, mama humvika mtoto sweta mbili, humfunika blanketi, hufunga dirisha, huziba ufa wa mlango kwa gunia, kisha huingiza jiko la makaa chumbani. Jamaa yote hulala humo, watu watano au sita. Nia yake ni njema kabisa. Lakini amemkinga mtoto na baridi, akamtia katika moshi na katika pumzi za watu sita, ambao pengine wawili wao wana kikohozi. Tena jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo imewaua watu wengi usingizini, wakubwa kwa wadogo. Mtoto aweza kuwekwa katika joto bila ya jiko chumbani: nguo kavu, kofia kichwani, blanketi, na mwili wa mamaye. Na dirisha liachwe wazi kidogo.

MAMBO YAMWEKAYO MTOTO HATARINI

Sasa nitayataja mambo hayo moja moja.

Kwanza ni moshi. Moshi wa kuni, wa makaa, wa mavi ya ng'ombe na wa sigara huwadhuru wale wafagiaji niliowataja, vile vinyweleo vya njia za pumzi. Wataalamu wa Shirika la Afya Ulimwenguni husema kwamba mtoto akaaye katika moshi wa nyumbani huwa na hatari ya kupata nimonia karibu mara mbili ya yule asiyekaa katika moshi. Nani avutaye moshi zaidi kuliko mama apikaye? Ni mtoto aliye mgongoni mwake. Mtoto na aachwe na nduguye au na nyanya yake mahali penye hewa wakati wa kupika, na jikoni pawe na tundu la kutokea moshi. Hata hivyo, sitaki kuwadanganya. Katika nchi ya Malawi wataalamu waliwapa watu majiko yatoayo moshi kidogo, wakawaangalia watoto zaidi ya 10,000, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba hawakuona nimonia ikipungua kwa sababu ya majiko hayo. Haina maana kwamba moshi ni mwema. Maana yake ni kwamba mtu huingia katika moshi kwa njia nyingi, na kwamba milango ya ugonjwa huu ni mingi. Afungaye mmoja na kuiacha mingine wazi hajalala salama.

Pili ni maziwa na chakula. Maziwa ya mama yana askari ambao mtoto mwenyewe hajaweza kuwafanya. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila ya maji, bila ya uji, bila ya maziwa ya ng'ombe. Baada ya hapo aongezwe chakula, na aendelee kunyonya hata afikapo miaka 2 au zaidi. Mtoto aliyekonda kwa kukosa chakula hana nguvu hata ya kukohoa, na vijidudu hukaa mapafuni mwake bila ya kusumbuliwa. Tangu umri wa miezi 6, mtoto apelekwe kliniki apewe matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

Tatu ni kukosa chanjo. Katika jambo hili tuna ushahidi wa hapa hapa nchini. Mwaka 2001 Kenya ilianza kutumia chanjo iliyochanganywa, ambayo ndani yake mna kinga ya kijidudu kiitwacho Hib, kiletacho nimonia na homa ya uti wa mgongo. Waganga wa Kilifi waliendelea kuhesabu, na kabla ya miaka mitano kupita waliona kwamba ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wadogo umebaki kama sehemu moja tu katika kila sehemu nane za hapo kwanza. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya kijidudu kingine, kilicho kikuu katika kuleta nimonia kali. Kilifi wakahesabu tena. Ugonjwa mkali uletwao na zile aina zilizokusudiwa na chanjo hiyo ulipungua kwa 92 katika kila 100 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kuna pia chanjo ya kifaduro, na ya surua, ambayo ni rafiki mkubwa wa nimonia, kwa kuwa mtoto wengi wafao baada ya surua huuawa na mapafu. Chanjo za watoto huanza siku za kuzaliwa, na nyingine hufuata tangu wiki ya 6. Itunzeni kadi ya mtoto, mkaifuate. Mtoto aliyekosa siku yake asifichwe kwa haya. Apelekwe, muuguzi atajua pa kuanzia.

Nne ni msongamano na mikono. Kuna kirusi kimoja ambacho waganga hukiita RSV. Kwa mtu mzima ni mafua tu. Kwa mtoto wa miezi miwili chaweza kuziba njia ndogo za pumzi hata akahitaji kuongezewa oksijeni. Kilifi huko huko, wataalamu walizifuata nyumba za watu wa shamba ili wajue ni nani amleteaye mtoto mchanga kirusi hiki, na majibu yakachapwa mwaka 2014. Walipoambukizwa nyumbani, aliyewaletea mara nyingi alikuwa ndugu yao mkubwa, mtoto wa kwenda shule. Basi mtoto arudipo kutoka shule, kabla ya kumbusu mdogo wake, anawe mikono kwa sabuni. Na akiwa ana mafua, ampungie mkono kutoka mlangoni. Mgeni mwenye kikohozi asipewe mtoto mchanga ampakate, hata kama ni shangazi aliyetoka safari ya mbali. Hilo si kukosa adabu.

Tano ni udhaifu aliozaliwa nao mtoto au aliouambukizwa. Aliyezaliwa na uzito mdogo, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye virusi vya UKIMWI, na mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao wapatikana sana pande za Nyanza, Magharibi na Pwani: hao wote nimonia huwapata upesi na kwa ukali. Kwa baadhi yao waganga hutoa dawa ya kumezwa kila siku ili kuwakinga. Dawa hiyo isiachwe ati kwa kuwa mtoto aonekana mzima. Aonekana mzima kwa sababu anaimeza.

NA MGONJWA ALIYE HOSPITALINI?

Mabibi na Mabwana, watu hudhani kwamba mtu akiisha kulazwa hospitalini amefika salama. Kwa ugonjwa wake huo, huenda ni kweli. Lakini kuna nimonia ipatayo wagonjwa humo humo wodini. Waganga huihesabu kuwa ya hospitali ikiwa imemwanza mgonjwa saa 48 au zaidi baada ya kulazwa. Hutokea katika nchi zote, maskini na tajiri.

Nasema hili kwa kuwa lilitupata. Baba yangu alianguka akavunjika paja, akalazwa. Sisi wanawe tulimwangalia kwa zamu, wala hakuna siku aliyokosa mtu wa kumlisha. Alilala chali. Aliona uchungu akigeuzwa, nasi kwa kumhurumia tukamwacha asigeuzwe. Alikuwa na usingizi mwingi kwa sababu ya dawa za maumivu, nasi tulimnywesha uji akiwa vivyo hivyo, amelala, kijiko kwa kijiko. Akikohoa tulimpigapiga kifuani na kuendelea. Siku ya tisa pumzi zake zikawa za mbio. Nilikaa karibu naye tangu asubuhi mpaka jioni nikaziona, wala sikujua kwamba yafaa nimwite muuguzi, maana hakulalamika kichomi, na mwili wake haukuwa moto. Mguu haukumwua baba yangu. Alikufa kwa mapafu. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kufasiri karatasi nyingi za afya, lakini hiyo iliyonihusu haikuwa imefika mezani pangu.

Basi sikilizeni sababu zake, kwa kuwa ni rahisi.

Alalaye chali kwa muda mrefu hapumui kwa kina. Sehemu za chini za mapafu yake hazifunguki vema, na ute hutuama humo kama maji katika shimo. Aliyepasuliwa tumbo au kifua huogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu, na asiyekohoa amemfunga mlinzi wake mikono. Aliyepatwa na kiharusi, au aliyezimia, au aliyelewa dawa za usingizi, hawezi kumeza sawasawa. Mate, uji na maji hupotea njia, vikashuka mapafuni badala ya tumboni. Mwenye mpira wa kulishia puani yumo katika hatari hiyo hiyo. Na aliyetiwa bomba kooni kwa ajili ya mashine ya kupumulia yu katika hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu bomba lapita mlinzi wa pua na mlinzi wa koo, likawafungulia vijidudu njia. Tena kinywa cha mgonjwa kisiposafishwa huota vijidudu vikali katika muda wa siku chache tu, na hivyo ndivyo vishukavyo mapafuni.

Hatari nyingine ni mikono. Mikono ya waganga, mikono ya wauguzi, na mikono yetu sisi jamaa. Mtu humgeuza mgonjwa huyu, hushika kitanda cha yule, humpangusa mtoto wa tatu kamasi, na vijidudu vya mmoja huwa vya wote. Na vitanda vikisongamana, au watoto wawili wakilazwa kitanda kimoja, kikohozi cha mmoja hakina safari ndefu.

Mengi katika hayo ni kazi ya waganga na wauguzi, na hatuna haki ya kuwafundisha kazi yao. Lakini yako mambo ambayo jamaa wa mgonjwa aweza kuyafanya, akiisha kumwuliza muuguzi kama yafaa kwa mgonjwa wake:

1. Nawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Usikae juu ya kitanda cha mgonjwa mwingine.

2. Uliza kama kichwa cha kitanda chaweza kuinuliwa. Wagonjwa wengi hufaa wakiwa wameinuliwa kiasi cha nusu ya kuketi.

3. Usimlishe wala usimnyweshe mgonjwa aliyelala chali au mwenye usingizi. Mketishe kwanza, umwamshe, umpe kidogo kidogo, na umwache ameketi kwa muda baada ya kula. Akikohoa kila amezapo, acha, umwite muuguzi.

4. Msafishe kinywa na meno kila siku, hata kama hali chakula.

5. Aliyepasuliwa na ahimizwe kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, akiwa amekumbatia mto juu ya kidonda ili maumivu yapungue. Akiruhusiwa kuamka, mwamshe. Akiruhusiwa kutembea, mtembeze. Kumhurumia kwa kumwacha alale tu si huruma.

6. Avutaye sigara, akijua kwamba atapasuliwa, aziache mapema kadiri awezavyo.

7. Mwenye mafua au kikohozi asiende kutazama mgonjwa. Apeleke salamu. Na watoto wadogo wasichukuliwe wodini bila ya sababu.

8. Mgonjwa asikae hospitalini siku moja zaidi ya zile alizoambiwa, wala asitoke siku moja kabla.

JINSI YA KUHESABU PUMZI

Sasa nafika kwenye lile nililoliitia mkutano huu. Mtoto akiwa na kikohozi au akipumua kwa taabu, mtulize. Asiwe analia, wala asiwe ananyonya. Inua nguo yake uone kifua na tumbo. Shika saa, hata ya simu yafaa, uhesabu mara ngapi kifua chapanda katika dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukaizidisha, maana pumzi za mtoto hazilingani.

Mtoto aliye chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Mhesabu mara ya pili upate hakika.

Mtoto wa miezi 2 mpaka kutimiza mwaka mmoja: pumzi 50 au zaidi ni hatari.

Mtoto wa mwaka mmoja mpaka kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni hatari.

Kisha tazama chini ya mbavu. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Ukiona sehemu ya chini ya kifua yaingia ndani kila avutapo pumzi, hiyo ni alama kubwa. Zaidi ya hizo, mtoto ashindwaye kunyonya au kunywa, atapikaye kila kitu, apatwaye na degedege, aliyelegea asiamke, au mwenye midomo ya rangi ya buluu au ya kijivu, huyo asingojee mapambazuko. Achukuliwe saa ile ile. Na mwanamume aliye kazini mjini amwambie mkewe tangu leo kwamba siku hiyo asingojee ruhusa yake wala nauli yake. Akope kwa jirani aende, deni litalipwa.

Mtoto mwenye nimonia isiyo kali sana hutibiwa nyumbani kwa vidonge vya amoksilini, ambavyo huyeyushwa katika maji au katika maziwa ya mama, apimiwavyo na mganga. Vimalizwe vyote hata kama amepata nafuu siku ya pili. Aliye mahututi hulazwa apewe oksijeni na sindano. Wengine huiogopa oksijeni, wakisema kwamba kila aliyetiwa ile mipira puani hufa. Wanawaona wagonjwa sana wakipewa, na baadhi yao wakifa, wakadhani kilichoua ni kile kilichokuja kuokoa. Msiivue mipira ile.

Dawa za kikohozi za dukani haziwezi kuponya nimonia. Kumkata mtoto kimeo ni hatari tupu: hakuondoi kikohozi, bali humwachia kidonda kooni na damu imtokayo, na siku zilizopotea kwa mkataji kimeo ndizo ambazo mtoto angaliponea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naongeza kwamba anayeyapeleka mahali pasipo pake ni kama amefichua bure.

Wengi wenu mnao wahudumu wa afya wa jamii karibu nanyi. Mwaka 2023 serikali iliwapeleka zaidi ya 100,000 nchini kote. Mwulizeni wa kwenu awaonyeshe kwa vitendo haya niliyoyasema kwa maneno.

Jambo la mwisho nawaomba mlifanye usiku wa leo. Mtoto wako akiwa mzima na amelala, kaa karibu naye, fungua nguo kidogo, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja. Ujue namna anavyopumua akiwa hana ugonjwa, ili siku akipumua vingine umjue. Na mwenye mgonjwa hospitalini afanye vivyo hivyo kesho akienda kumtazama. Aketi, ahesabu, na akiona pumzi zimeongezeka kuliko za jana, asinyamaze kwa kuogopa kuwasumbua wauguzi. Amwite mmoja wao amwambie.

Aliye na swali na aulize. Nisiloweza kujibu nitalipeleka kwa daktari, nami nitawaletea jibu lake kwa Kiswahili.